Jibu: MRI ya mbwa inaonyesha madoa kulia na kushoto, ni kansa?

Ndugu wa Entebbe uliyerudi na mbwa kutoka Johannesburg, umeuliza kama ile ripoti ya MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku) inayosema madoa yanalingana pande zote mbili za ubongo maana yake kansa na kama umchome tu sindano ya mwisho. Hapana bwana, subiri kwanza. Mimi ni dokta wa mifugo hapa Kampala na nilishakaa miezi kadhaa kwenye chumba cha picha za wanyama huko huko kusini, na hayo maneno yakinifikia mimi kansa siiweki mbele kabisa.

Tyuma, yaani uvimbe wa ubongo, mara nyingi inaota upande mmoja, inasukuma ubongo wa upande wa pili, ukimpa kontrasti (dawa ya kung'arisha picha inayochomwa kwenye mshipa) inawaka. Lakini tatizo la mwili mzima, sukari imeshuka au ini limechoka au vitamini hakuna, hilo linakuja na damu, na damu haichagui kulia wala kushoto, kwa hiyo kwenye T2 na FLAIR (aina mbili za picha za MRI) unaona madoa yanang'aa sawasawa pande zote, kusukuma ni kidogo, na kontrasti mara nyingi haishiki.

Alafu cheki ni wapi panang'aa maana hapo ndo utamu wenyewe. Akikosa vitamini B1 mara nyingi ni vile vinundu vya nyuma vya ubongo wa kati na sehemu za shina la ubongo zinazoshika mizani ya mwili, ndo maana mbwa anayumba kama mlevi. Kama ni ini, hasa yule aliyezaliwa na mshipa unaolikwepa ini, rudi kwenye T1 (aina nyingine ya picha ya MRI), kuna viini vya ndani ya ubongo vinang'aa na wanasema ni madini ya manganizi yamejikusanya, ukiangalia T2 peke yake inakupita. Kama sodiamu (chumvi ya damu) ilikuwa chini sana na mtu akaipandisha haraka kwa dripu, thalamasi, sehemu ya katikati ya ubongo, inaharibika siku chache baadaye. Mbwa wa aina ya Staffordshire bull terrier naye ana ugonjwa wake wa kurithi wa asidi, una kipimo cha jeni, lakini wako ni German shepherd basi tuuache.

Sasa mtego. Umesema alipigwa na kifafa usiku na asubuhi wakampiga picha. Degedege lenyewe linaacha madoa, kwenye hipokampasi (sehemu ya ndani ya ubongo) na sehemu za chini za ubongo pembeni, na yanaweza kuwa pande zote mbili pia! Hayo mara nyingi yanafifia baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo saa ya degedege la mwisho lazima iandikwe, wengi hawaiandiki kabisa inaniudhi. Na pia MRI safi haimaanishi ubongo uko salama, sukari ikishuka na kurudi haraka picha inaweza isionyeshe kitu.

Kwa kweli mimi ningeanza na damu, hiyo hapa Uganda unaipata bila kusafiri: glukosi, sodiamu, vipimo vya ini, amonia (sumu inayopanda ini likishindwa) kama maabara inaweza maana sampuli inataka barafu na haraka. Na chakula. Mbwa wa posho (ugali) tupu kila siku, au paka wa samaki wabichi, hao B1 inawaishia, samaki wengine wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoiharibu, ukiwapika kinakufa. Ukishuku B1 mchome tu leo leo usisubiri picha, sindano ni bei rahisi na wengine wanasimama ndani ya siku chache.

Ila kama chanjo ya kichaa cha mbwa haieleweki na ameanza kung'ata au kutoka udenda, sahau MRI, mfungie, msimguse, piga simu kwa dokta wa wilaya, na kama kuna mtu aling'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji dakika 15 aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tuma faili zenyewe za kwenye CD, picha ya simu ya skrini haisomeki, uandike anakula nini, dawa gani alipewa na degedege la mwisho lilikuwa saa ngapi.