Fuso inachemka Ngomo: usiikimbilie themostati

Ndugu yangu uliyeuliza kama uweke themostati (vali inayoachia maji ya injini yaende kupozwa) ya nyuzi 71 badala ya 82 kwa sababu lori lako la Fuso linachemka ukipanda mlima wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu, na saruji: rudisha ileile ya 82, na pesa ya kununua nyingine mpe fundi akusafishie radiatere (rejeta). Sikufundishi kutoka kitabuni. Mimi nilikosea kabla yako, tena zaidi, maana niliitoa kabisa.

Kutoka Uvira hadi Kamanyola njia ni tambarare, joto la bonde la Ruzizi linakupiga usoni lakini mshale wa joto la injini umetulia. Ukianza kona za Ngomo na gia ya pili, mshale unapanda. Fundi mmoja akaniambia, "Toa hicho kitu, ni cha nchi za baridi." Tukakitoa. Safari iliyofuata mshale ulilala chini mpaka Kamanyola, nikamsifu fundi njia nzima. Kona ya tatu ya Ngomo ukapanda vilevile, na safari hii kwa haraka zaidi.

Kumbe katika injini ile themostati ina kazi mbili. Ikifunguka, inaachia maji yaende kwenye radiatere, na kisahani chake cha chini kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka tu bila kuiona radiatere. Na asubuhi Bukavu, na baridi yetu hii, gari lilitoa moshi mweupe hadi majirani wakalalamika. Mazuti (dizeli) yakaliwa zaidi. Injini isiyopata moto haichomi mazuti yote. Yanayobaki yanaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini kuichafua. Nilivuta kijiti cha oili nikasikia harufu ya mazuti.

Sasa hiyo namba. 82 maana yake ni kwamba vali inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82, na inakuwa wazi yote kwenye 95 hivi. Ya 71 inamaliza kufunguka kwenye 85 hivi. Ukiwa katikati ya Ngomo na maji yako yamepita 95, zote mbili ziko wazi kabisa. Tofauti imekwisha. Themostati inaamua injini isipoe chini ya wapi. Ikizidi moto, kazi ni ya radiatere, feni na pampu. Ya 71 au 76.5 weka tu kama kitabu cha injini yako kimeandika hivyo.

Kabla ya kuilaumu, ipime. Sufuria ya maji juu ya mbabula (jiko la makaa), ning'iniza vali kwa uzi isiguse chini, na kipimajoto kando yake. Tazama inapoanza kuachia. Hapa wengi wanatupa vali isiyo mbovu: Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye 95 tu. Ya 88, ambayo inataka kama 100 ifunguke yote, itabaki nusu wazi hata uchochee makaa mpaka jioni. Si mbovu. Angalia tu kama inaanza mahali pake na inajifunga ikipoa.

Sababu hiyohiyo inakufanya uuheshimu mfuniko wa radiatere. Mfuniko usio mbovu wa presha ya baa 0.5 unasogeza kuchemka hadi kama 108 kwa hapa kwetu. Mpira wake ukiisha, kuchemka kunarudi kwenye 95, yaani palepale themostati ya 82 inapomaliza kufunguka. Usiufungue injini ikiwa moto. Konvoyeri (utingo) wangu ana kovu mkononi la kuthibitisha.

Ugonjwa wangu wenyewe? Usiku tuliishusha radiatere, nikaweka tochi nyuma yake. Nusu ya chini mwanga haukupita. Tope la Ruzizi na wadudu vilikuwa vimeshikana kati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya radiatere, kama ugali uliokauka. Tuliosha kutoka upande wa injini, maji ya polepole, maana presha kubwa inakunja mapezi. Mkanda wa feni nao ulikuwa umelegea. Themostati ya 82 ikarudi, tukapanda Ngomo na mzigo uleule, mshale ukasimama mahali pake.

Ukishasafisha yote na bado inachemka, washa injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi. Viputo vikiendelea kutoka bila kukoma, jwenti ya kulasi (gasketi ya kichwa cha injini) imechoka, usibebe mzigo mwingine.

Na ukiirudisha vali, kile kitundu chenye kipini kidogo kikae juu, ndiko hewa inakotokea. Mimi kuna siku nilikiweka chini, nikafika Nyangezi mshale uko juu, nikampigia simu muuza vipuri kumgombeza bure.