Mnauliza Rangi, Maneno Hamna

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu wa utalii, Arusha na Moshi, wanaotengeneza programu za kujifunzia msamiati wa kigeni kwenye vifaa vya gemu vya mkononi kama Game Boy, si simu. Wawili wameuliza "kifaa kipi ni kizuri" bila kusema wana kipi. Hao wasubiri.

Nianze na lugha gani ya kuandikia programu? (Msomaji, Sakina)

Lugha ya C. Kama hutaki kuandika programu hata mstari mmoja, kifaa cha kuundia gemu kiitwacho GB Studio kinatosha kwa Game Boy ya zamani. Hili nimeshalijibu mara tatu, jamani.

Nimepakua maneno 4,000 ya Kijerumani, nikayapitisha kwenye mashine ya kutafsiri ili nipate Kiswahili. Nitayaingizaje kwenye Game Boy Advance? (Mwongoza watalii, Moshi)

Usiyaingize. Nimefungua faili lako na sikufika mbali. Neno *leicht* umeliandikia "mwanga". *Leicht* ni nyepesi, au rahisi. Mwanga ni *Licht*. Najua kosa limepita wapi: mashine ilianza kwenda Kiingereza, ambako wepesi na mwanga vyote huitwa *light*, kisha ikarudi kwetu na maana ya jirani. Kiswahili hakina utata huo hata kidogo, umeuazima bure. Ndiyo maana kila mara nasema mtu atoke Kiswahili moja kwa moja, akae na kamusi au na mtu anayekijua Kijerumani, neno kwa neno. Inachosha, ndiyo. Lakini saa sita usiku mnapoondoka kambi ya Barafu kwenda kilele cha Kilimanjaro, mgeni ana tochi iliyozimika na wewe una neno la uzito.

Kasoro ya pili: umeandika *Zelt*, *Rucksack*, *Lampe*, basi. Vitambulisho vya nomino, *das*, *der* na *die*, viko wapi? Mjerumani akisikia nomino imevishwa kitambulisho kisicho chake, anasikia kama sisi tunavyosikia "kitabu yangu". Tunaelewa, ila tunacheka. Hifadhi neno pamoja na kitambulisho chake kama kitu kimoja. Ukikiweka safu ya pembeni, siku skrini ikijaa ndicho utakachokitoa kwanza.

Chukua daftari. Panda mlima safari moja na uandike kila neno ulilotaka kulisema likakukwama. Hutafikisha 100, na hayo ndiyo yako. Kila neno lipe sentensi ya kazini. *Haben Sie Kopfschmerzen?*, yaani "unaumwa kichwa?", ina faida kuliko majina yote ya matunda, maana kichwa kuuma ni miongoni mwa dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko. Na inaenea: ina herufi 24 ukihesabu nafasi, na skrini ya pikseli 240 kwa 160 inabeba herufi 30 kwa mstari ukitumia fonti ya pikseli 8.

Niweke pointi na nyota ili mchezaji avutiwe? (Msomaji, Usa River)

Niliweka. Nikaenda geti la Mweka, nikampa mmoja wa wagumu, yaani wapagazi, aliyekuwa ameshuka mlimani anasubiri gari. Skrini inaonyesha neno, inauliza "Unalijua?", kitufe A ndiyo, B hapana. Kidole gumba chake kilikuwa kimepasuka kwa baridi, lakini kilikimbia: A, A, A, A, bila macho kutua kwenye neno. Dakika haijaisha ana pointi 40. Nikamuuliza *Taschenlampe* (tochi) ni nini. Akanigeuzia kifaa nione skrini: "Bosi, si umeona pointi?"

Kosa halikuwa lake. Nilimlipa kwa kubonyeza, akabonyeza. Usiku ule nilifuta pointi zote, nikaweka majibu manne achague moja, na neno analokosea linarudi mwanzo wa foleni. Mapambo yafikirie baadaye, kama muda utabaki.

Nataka neno lirudi baada ya siku tatu, lakini Game Boy Advance inasahau tarehe nikizima. (Fundi simu, Ngarenaro)

Haisahau, haina saa. Saa ilikuwa ndani ya baadhi ya kaseti za gemu, si kwenye kifaa chenyewe. Nintendo DS, iliyotoka 2004, ina saa yake. Kwa kifaa chako hesabu vikao badala ya siku. Tumia visanduku vya Sebastian Leitner, mwandishi aliyeeneza mbinu hii miaka ya 1970: kisanduku cha kwanza kila kikao, cha pili kila kikao cha pili, cha tatu kila kikao cha nne. Ukipata, neno linapanda kisanduku; ukikosa, linarudi cha kwanza.

Kwenye emuleta (programu ya kompyuta inayoiga kifaa) maendeleo yanahifadhiwa, kwenye kifaa yanatoka takataka. (Huyo huyo)

SRAM ya kaseti, yaani kumbukumbu inayohifadhi maendeleo, inapitisha biti 8 kwa mara moja. Wewe unaandika 16 au 32. Andika baiti moja moja, yaani biti 8. Na kama kaseti ni ya mtumba, angalia betri ndogo ya ndani, maana ikifa, kumbukumbu inakwenda nayo. Emuleta ni rafiki mpole mno. Usijisifu kabla hujajaribu kifaa chenyewe.

Naweza kuuza vifaa hivi vikiwa na programu yangu pamoja na magemu 500 ya bure? (Msomaji, Majengo)

Ya bure kwa nani? Yana wenyewe. Uza programu yako.

Kwa nini tusitumie simu tu? (Msomaji, Njiro)

Tumieni. Ila mlimani simu inatunzwa chaji kwa ajili ya kupiga nyumbani, na Game Boy Advance inakula betri mbili za kawaida za duka lolote. Baridi huzinyonya, kwa hiyo zilale ndani ya koti.

Kichina kinawezekana? (Mwongoza watalii, Arusha)

Kinawezekana. Herufi moja inataka pikseli 16 kwa 16, yaani baiti 32 kwa rangi mbili. Herufi 3,000 hazifiki hata kilobaiti 100. Shida ni sauti. *Mǎi* ni kununua, *mài* ni kuuza, na kinachozitenga ni toni tu. Bila sauti utawafundisha madereva wa safari kuuza wanachotaka kununua. Rekodi ya biti 8 kwa sampuli 8,000 kwa sekunde inakula kilobaiti 8 hivi kwa neno la sekunde moja; maneno 500 ni megabaiti 4, na kaseti inabeba hadi 32. Sauti iwe ya Mchina mwenyewe, si yako, hata kama ulisoma miaka miwili.