Muhimbili si hospitali moja: kwa anayeleta mgonjwa wa rufaa

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kwa nini barua ya rufaa ya mama inasema Muhimbili, halafu mmoja anakwambia nenda MOI, ile taasisi ya mifupa, mwingine hospitali ya Mloganzila, na kama ni kweli wagonjwa huzungushwa. Nilimuuguza baba pale, alilazwa jengo la wodi liitwalo Mwaisela mpaka akaruhusiwa. Nitagusa na historia, maana huko "kuzungushwa" kwingi kumezaliwa humo.

Chimbuko ni hospitali ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetoa fedha zake enzi za Wajerumani ili Waafrika na Wahindi wapate pa kutibiwa. Wazungu walikuwa na yao, Ocean Road. Mwaka 1956 Waingereza wakafungua Princess Margaret Hospital pale Upanga, Dar es Salaam, na baada ya uhuru ndipo likaja jina la Muhimbili. Jina la mzee yule bado liko kwenye jengo la wodi, Sewahaji. Jirani yake ni jengo la Kibasila, lenye jina la jumbe wa Kizaramo aliyepigana vita vya Majimaji. Tajiri na mpiganaji, wote leo wanalaza wagonjwa.

Sasa sikiliza hapa. Mwaka 1976 hospitali na kitivo cha udaktari viliunganishwa kuwa kituo kimoja, kisha vikaanza kutawanywa. Mwaka 1996 mifupa ikawa taasisi yake, ndiyo MOI, ambayo inashika pia ubongo na mishipa ya fahamu. Mwaka huohuo saratani ikabaki Ocean Road kama taasisi inayojitegemea. Hospitali yenyewe ikawa ya Taifa kwa sheria ya mwaka 2000, na moyo ukapata taasisi yake, JKCI, mwaka 2015. Kwa hiyo ndani ya geti moja kuna waajiri tofauti, mapokezi tofauti, faili tofauti. Baba alipotakiwa kuonwa MOI nilidhani navuka tu uwanja. Kumbe tunaanza usajili upya. Hakuna aliyetuonea, ila mgonjwa amechoka na wewe huelewi. Beba nakala za barua, majibu ya vipimo na kadi ya bima, na picha za eksirei usizitenganishe na mgonjwa. Hospitali iliyotupa rufaa ilibaki na picha zetu, vipimo vikarudiwa, na gharama ikawa juu yetu.

Mloganzila nayo ni Muhimbili. Ilianza kazi 2017 chini ya chuo kikuu cha udaktari cha Muhimbili, mwaka uliofuata ikakabidhiwa kwa hospitali. Iko huko Kibamba, mbali na Upanga. Mkitoka bara kwa barabara ya Morogoro mtaifikia kabla ya kuingia mjini, kwa hiyo muulize daktari anayeandika rufaa ni Upanga au Mloganzila kabla hamjapanda gari.

Jambo jingine litakalomchosha mama ni maswali yaleyale kutoka kwa watu tofauti. Pale ni hospitali ya kufundishia tangu 1963. Atakuja mwanafunzi, kisha intani, yaani daktari aliye mafunzoni, kisha daktari kamili, kila mmoja anaandika upya. Baba alikasirika mpaka akagoma kujibu. Nikamwambia avumilie, maana mwanafunzi mmoja ndiye aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote, na ndiye aliyegundua kwamba baba alikuwa anameza dawa za mitishamba, akapeleka habari kwenye raundi, pale madaktari wanapopita asubuhi kitanda kwa kitanda. Daktari bingwa utamjua kwenye raundi: ndiye wote wanamsikiliza. Andika maswali yako kwenye karatasi na umuombe sista akuruhusu uwepo asubuhi ya raundi, kwa sababu saa za kutazama wagonjwa bingwa huwa kashaondoka.

Kuhusu fedha, kuchangia gharama kwenye hospitali za serikali kulianza 1993 na bado kupo. Kama mama hana bima na mmekwama, msisubiri siku ya kuruhusiwa ndipo mlie. Muombeni muuguzi wa wodi awaunganishe na Ustawi wa Jamii mapema, wana utaratibu wa msamaha na watataka barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Hiyo chukueni nyumbani kabisa, kuifuata mkiwa Dar ni kazi.