Jibu: Kwa nini "cake" ni silabi moja na "rhythm" ni mbili

Ndugu yangu uliyeuliza kuhusu zoezi la mwanao wa darasa la tano, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu limenirudisha mbali sana. Umeeleza kwamba mtoto aliagizwa kupanga maneno ya Kiingereza kwa idadi ya silabi, akaandika kwamba "cake" lina silabi mbili, "walked" mbili na "queue" nne, kisha "rhythm" akaliacha wazi kwa kuwa hakuona irabu yoyote ndani yake. Yote manne alikosa, na wewe ulipojaribu kumsaidia ukaona hesabu zako ni zilezile.

Kosa hilo lina mantiki kamili. Nililifanya mimi mwenyewe nilipoingia kidato cha kwanza baada ya miaka saba ya kusoma masomo yote kwa Kiswahili, na sasa ninapofundisha Kiingereza ninaliona kila wanafunzi wapya wanapokuja. Mtoto ametumia kanuni ya Kiswahili, na kanuni hiyo ndani ya Kiswahili ni nzuri: ukizihesabu irabu, karibu kila mara umekwisha kuzihesabu silabi. "Kalamu" lina tatu, "kaa" mbili, "chai" mbili. Maandishi yetu yanafuata matamshi kwa uaminifu kiasi kwamba mshairi anayetaka kuhakikisha mizani kumi na sita za mshororo anaweza kuzipima kwa macho tu, karatasi ikiwa mbele yake, bila kufungua kinywa.

Katika Kiingereza jicho halitoshi, na sababu yake ni ya kihistoria. Tahajia ya Kiingereza ilianza kuganda baada ya William Caxton kuanzisha uchapishaji Uingereza mwaka 1476, ilhali matamshi yaliendelea kubadilika kwa karne nyingi baadaye. Ile "e" ya mwisho katika "name" iliwahi kutamkwa, na neno likawa na silabi mbili kama linavyoonekana machoni petu. Vivyo hivyo "-ed" ya vitenzi vya wakati uliopita: kwa muda mrefu ilikuwa silabi kamili, na mabaki yake bado yapo, kwani "learned" likiwa na maana ya msomi hutamkwa kwa silabi mbili hadi leo, na "blessed" likiwa kivumishi vilevile. Sauti zilikufa, herufi zikabaki. Mimi huwaambia wanafunzi wangu jambo hili waziwazi, kwa sababu mtoto anayeelewa kwamba amesoma herufi ambazo zamani zilikuwa hai hajioni mjinga; anaona kwamba lugha imehama na maandishi yameachwa nyuma.

Kwa hiyo kanuni ya Kiingereza ni hii: hesabu sauti za irabu zinazosikika, wala si herufi za irabu zinazoonekana. "Cake" lina sauti moja ya irabu, basi ni silabi moja. "Queue" lina herufi nne za irabu, lakini hutamkwa sawasawa na jina la herufi Q kwa Kiingereza, basi ni silabi moja pia. "Beautiful" lina tatu. "Strengths" lina herufi tisa na bado ni silabi moja tu, kwa kuwa konsonanti zote hizo zimeizunguka irabu moja.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa uzoefu wangu, hauko kwenye herufi zisizotamkwa. Uko kwenye irabu zinazoteleza. Katika Kiswahili, "a" ikifuatwa na "i" tunapata silabi mbili, kila moja ikiwa na nafasi yake. Mwingereza huanza na sauti ya "a" na kutelezea kwenye "i" kwa pumzi moja, naye huhesabu silabi moja. Hapa nilipata msaada nisioutarajia kutoka kwenye maneno tuliyoyakopa. Neno "tie" ni silabi moja kwao. Kwetu likawa "tai", silabi mbili. "Fine" ni moja. Sisi tuna "faini", tatu. "Sign" ni moja. "Saini" ni tatu. "Scout" ni moja, nasi tukilisema "skauti" tumeufungua mtelezo wake na kuongeza irabu mwishoni, zikawa tatu. Huwa ninaandika jozi hizo ubaoni, safu ya Kiswahili na safu ya Kiingereza, kisha darasa linatamka moja baada ya nyingine huku likipiga makofi. Baada ya jozi sita au saba mwanafunzi husikia kwa masikio yake kile ambacho maelezo yangu ya nusu saa hayakukifikisha.

Kuhusu makofi yenyewe, na ile njia nyingine ya kuweka kiganja chini ya kidevu na kuhesabu mara kidevu kinaposhuka, ninaomba uwe mwangalifu. Njia hizo hupima matamshi ya anayezitumia. Mtoto akitamka "miliki" badala ya "milk", atapiga makofi matatu na mkono wake utakuwa umesema kweli, ila si kweli ya neno lililoulizwa. Lazima asikie kwanza neno likitamkwa vizuri. Kamusi nyingi za Kiingereza zilizoko kwenye simu zina kitufe cha sauti, na huo ndio ushahidi wa kutegemea. Vinukta vinavyogawanya neno katika baadhi ya kamusi visikupotoshe: mara nyingi vinaonyesha mahali pa kulikata neno mwishoni mwa mstari, na kamusi nyingine hazitenganishi herufi moja peke yake, hata kama ni silabi kamili, kama ile "a" ya "about".

Kwa "-ed" kuna kanuni isiyosumbua. Kitenzi kikiishia kwa sauti ya "t" au "d", kiambishi hicho huongeza silabi, ndiyo maana "wanted" na "needed" ni mbili mbili. Kikiishia kwa sauti nyingine hakiongezi, basi "walked" na "played" ni moja moja. Na "-es" huongeza silabi baada ya sauti kama "s", "z", "sh" na "ch": "boxes" mbili, "watches" mbili, lakini "makes" moja.

Yapo maneno ambayo Waingereza na Wamarekani wenyewe hawayatamki kwa idadi moja. "Secretary" mara nyingi ni silabi tatu Uingereza na nne Marekani. "Chocolate" ni mbili kwa wengi, tatu kwa wengine. "Fire" huhesabiwa moja au mbili. Mwalimu akimkosoa mtoto kwa neno la aina hii, nadhani ni haki kuzungumza naye kwa heshima, maana hapo hakuna jibu moja. Suala lenyewe si dogo, kwa sababu silabi zinaongoza sarufi pia: kivumishi cha silabi moja kama "tall" kwa kawaida huwa "taller", ilhali cha silabi tatu kama "beautiful" hutanguliwa na "more". Anayehesabu vibaya huandika "more tall", na mtihani haumsamehe.

Limebaki "rhythm", na hili ninalipenda kuliko yote, kwa kuwa Mswahili ana ufunguo wake mfukoni. Sisi tunajua tangu utotoni kwamba silabi inaweza kusimama bila irabu. "Mtu" ni m-tu, "mbwa" ni m-bwa, "nchi" ni n-chi, na hakuna mshairi wetu atakayeipunja "m" hiyo mizani yake. Kiingereza hufanya jambo la jirani na hilo mwishoni mwa neno, ambapo konsonanti hubeba silabi peke yake au ikitanguliwa na kijisauti kifupi mno: "l" katika "table" na "bottle", "n" katika "button", "m" katika "rhythm". Leo jioni mwambie mwanao atamke "mtu" polepole, huku akiisikiliza ile "m" inavyosimama kabla ya "tu". Kisha afungue kamusi ya simu, alisikilize "rhythm" mara tatu, aitafute "m" hiyohiyo mwishoni, na pale alipopaacha wazi kwenye daftari aandike 2.