Laptopu yangu ndogo, naweza kusoma protini za zabibu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma bayolojia mwaka wa pili hapa Dodoma, nyumbani Mpunguzi tunalima zabibu na mvua zikianza tu ukungu unatusumbua sana. Nimesikia mzabibu una protini za kupambana na fangasi, nataka nione zina umbo gani ila laptopu yangu ina ramu ya GB 4 tu, jamaa kaniambia bila kompyuta kubwa nisijisumbue. Kweli? (Mwanachuo, Dodoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sio kweli, usikubali kukatishwa tamaa. Kazi nzito wenzetu walishaifanya, toka 2022 hazina ya AlphaFold (programu ya akili bandia inayokadiria umbo la protini) ya kampuni ya DeepMind na taasisi ya EMBL-EBI ina maumbo ya protini zaidi ya milioni 200 na ni bure kabisa, we unahitaji brauza na bando. Ingia UniProt, tovuti ya orodha ya protini, uandike Vitis vinifera (jina la kisayansi la mzabibu) pamoja na STS, hicho ni kifupi cha enzaimu inayotengeneza resveratroli, kemikali ambayo mzabibu huitoa ukishambuliwa na fangasi, kopi namba ya protini kapesti AlphaFold, umbo hilo hapo.

Sasa angalia rangi kabla hujaandika chochote, hapa ndo wengi wanapotea. Bluu iliyokolea maana yake programu inajiamini zaidi ya 90 kwa 100, njano ni 50 mpaka 70, rangi ya chungwa ni chini ya 50 na utaona kipande kinaning'inia kama uzi, hicho usikijengee hoja, mara nyingi hata kwenye seli hakina umbo la kudumu. Na bluu nayo bado ni makadirio, sio kipimo cha maabara! Maumbo yaliyopimwa maabara yako PDB, hazina nyingine ya mtandaoni, kahakikishe huko.

Ukiwa na mfuatano wako mwenyewe wa amino asidi za protini, tumia ColabFold, njia ya kuendesha AlphaFold mtandaoni, inakimbia kwenye kompyuta za Google kwaiyo ramu yako haihusiki.

Kuhusu jeni zenyewe fungua Ensembl Plants, tovuti ya jeni za mimea. Mzabibu una kromosomu 19, na jeni za STS ni nyingi, zinafanana mno, na nyingi zimerundikana kromosomu ya 16, kwaiyo andika namba ya jeni uliyochukua usije ukachanganya. Alafu jenomu (DNA yote ya mmea) ya mzabibu iliyotoka 2007 ni ya mmea wa ukoo wa zabibu aina ya Pinot Noir, sio zabibu za kwenu, herufi kadhaa za DNA zinaweza kutofautiana. Ukikwama kwenye rangi tuandikie, tuma na picha.