Gharama ya Kufunga Daftari

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa kidato cha nne huko Kasulu, ameniandikia kwamba ameacha njia niliyomshauri ya kufunga daftari na kujiuliza maswali, kwa kuwa inamchosha, inamla muda, na kila akikosa jibu anajiona mjinga. Amerudi kusoma notsi zake mara tatu tatu, na anasema sasa zinaingia vizuri. Ninamwelewa, lakini sikubaliani naye.

Nilisoma kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni mjini Tabora. Wakati wa prepo, yaani kipindi cha kujisomea usiku, wenzangu wakiwa wameinamia madaftari, mimi nilikuwa nikifunga langu, nachukua karatasi tupu na kuandika kwa kichwa yote niliyoyakumbuka kuhusu usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, kisha nafungua daftari na kuzungushia kalamu nyekundu kila nilichokisahau. Usiku mmoja mwalimu wa zamu alinikuta nikiangalia dari, nikitafuta hatua iliyonipotea. Akanisimamisha mbele ya darasa na kuniita mvivu. Jina hilo lilinifuata hadi bwenini, na linaniuma hata leo. Matokeo yalipotoka nilikuwa na daraja la kwanza, na baadhi ya walionicheka ndio wanaoniletea watoto wao niwafundishe.

Mwanasaikolojia Jacquelynne Eccles na wenzake, katika nadharia waliyoichapisha mwaka 1983, walieleza kwamba mtu anapochagua kazi ya kufanya hupima pia gharama yake: nguvu, muda atakaokosa kwa mambo mengine, na uchungu wa kushindwa. Tatizo ni kwamba kipimo hicho hudanganya. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, kisha wengine wakarudia kusoma na wengine wakajipima kwa kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, na waliojipima asilimia 75, lakini baada ya wiki moja waliorudia walibaki na 42, na waliojipima 56. Mwaka 2019 watafiti wengine, Kirk-Johnson, Galla na Fraundorf, walionyesha kwamba wanafunzi wakiona njia inawachosha, hudhani hawajifunzi, basi huikwepa.

Sisi wa Kigoma tunalijua hili sokoni. Dagaa waliokaushwa mchangani huuzwa rahisi kuliko wa kwenye chanja, lakini mchanga wake utautafuna nyumbani, wakati fedha imekwisha kutoka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiuamini wepesi unaouona kwenye notsi ulizozisoma jioni hii hii. Ipunguze gharama badala ya kuikimbia: maswali matano tu kwa mada, ukiwa peke yako ili pasiwe na wa kukucheka, na majibu uyasahihishe papo hapo. Funga daftari kwanza, ndipo ujiulize. Kesho kutwa rudia yale yale uliyoyakosa, daftari likiwa limefungwa vilevile.

Nanyi walimu, acheni kuhesabu bidii kwa madaftari yaliyofunguliwa. Mtoto anayekosa jibu mbele yenu asichekwe wala kusimamishwa, kwa maana fedheha hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na ninyi ndio mnaoipanga. Mkipita madarasani usiku na kumkuta aliyefunga daftari lake, mwombeni awaonyeshe karatasi aliyoiandika.