Shingo ya gitaa inanata? Weka hiyo thina chini kwanza

Mkuu, kabla hujasoma mstari wa pili, funga kifuniko cha hiyo thina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi. Umesema kidole gumba kinakwama ukihama kutoka freti ya tatu (vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo) kwenda ya saba, na kuna fundi kakwambia "pitisha thina kidogo tu". Hilo "kidogo tu" ndilo lililonimaliza mimi.

Nilikuwa napiga kwenye kwaya Igoma, Mwanza. Gitaa la mitumba, jekundu, la kizamani, sauti tamu kuliko bei yake. Mvua zilipoanza shingo ikawa inanata kama muwa uliomenywa. Nikamuuliza fundi makochi wa mtaani, mtu ambaye maisha yake yote kapaka vanishi miguu ya meza na hajawahi kubonyeza hata uzi mmoja. Akanijibu bila kuliangalia gitaa: "Hilo jasho tu, thina inakata kila kitu."

Kweli, ilikata kila kitu.

Nikalowesha fulana kuukuu. Mara ya kwanza ikatoka na weusi, nikafurahi kama nimeokota hela. Mara ya pili fulana ikaanza kuvutwa. Mara ya tatu ikaganda. Nilipoibandua, pamba imebaki kwenye shingo kama kidevu cha mzee ambaye hajanyoa siku tatu, na vanishi chini yake imekuwa uji. Nikabonyeza kwa dole gumba nione kama inakauka. Alama ile, nyuma ya freti ya tano, ukiisogeza kwenye taa ulikuwa unahesabu mistari yake. NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wangeichukua kama ilivyo.

Nikarudi kwa mtaalamu wangu. Akasema nipake vanishi mpya juu. Na mimi, mwenye akili zangu timamu na cheti cha kidato cha nne, nikapaka vanishi ya milango juu ya uji. Wiki tatu haijakauka. Jumapili, katikati ya sala ya toba, nikaachanisha kiganja na shingo, mlio wa "pwaaa" ukapita kwenye maikrofoni kanisa zima. Mwishowe ilibidi shingo ikwanguliwe mpaka kwenye mbao, na hela niliyolipa ilizidi niliyonunulia gitaa. Yule fundi nilipomwambia? "Labda ulitumia thina ya standadi. Ungetumia hai-glosi." Aisee, nilishika ngazi ya duka nisije nikafanya dhambi nyingine.

Tatizo ni hili. Magitaa mengi ya zamani yamepakwa laka ya nitroselulosi, aina ya vanishi. Ile hukauka kwa thina yake kupaa tu, basi. Ukiirudishia thina hata baada ya miaka 40, inayeyuka upya. Mengi ya siku hizi yana poliurethani au poliesta, ambazo hushikana kwa kemikali, thina haiziyeyushi kirahisi. Ndiyo maana utakutana na mtu anaapa "mimi nilipaka na hakuna kilichotokea". Hakusema uongo, gitaa lake lilikuwa jingine. Wewe lako utalijuaje kwa macho?

Kwa hiyo kitambaa chenye maji kwanza. Hata kama kuna malaika kakwambia vingine. Mara nyingi kinachonata ni jasho, mafuta ya mikono na vumbi vilivyogandamana. Sisi wa Mwanza tunatoka kula sato wa kukaanga mwaloni Kirumba, tunajifuta kwenye suruali, tunashika gitaa, halafu tunalaumu vanishi. Weka tone la sabuni ya vyombo, kamua kitambaa mpaka kisidondoshe, futa nyuma ya shingo, kausha hapohapo. Nawa mikono kwa sabuni kila unapotaka kupiga. Jipe siku mbili.

Ikiwa bado inanata, basi huenda ni ule mng'ao wenyewe unaoshika ngozi. Nenda kwa mafundi rangi wa magari, omba kipande cha msasa namba 1000 au 1500, sugua ukiwa mkavu, kwa urefu wa shingo, nyuma tu, mkono mwepesi, mpaka mng'ao ufifie. Ukiona mbao umeshapitiliza. Usiguse upande wa freti. Stilwaya ya masufuria iache jikoni, inachimba mikwaruzo, na vumbi lake la chuma linanasa kwenye sumaku za pikapu, vile vinasa sauti chini ya nyuzi. Hilo nalo nalijua kwa njia unayoidhania.

Umeshaifungua hiyo thina? Kama bado, irudishe dukani leoleo, maana kesho fundi wako atakuwa na wazo la pili.